Mishipa ya Damu ya Saratani ya Kinywa na Koo: Tuikate au Tuitumie?

Miongoni mwa maradhi yanayowasumbua watu wa Kasungami, mtaa wa komini ya Annexe uliotanda pembezoni mwa jiji la Lubumbashi, saratani ya kinywa na koo haitajwi mara nyingi, kwa kuwa malaria na kifua kikuu vina wagonjwa wengi zaidi na vilio vingi zaidi. Walakini inapomshika mtu humshika mahali asipoweza kupaficha, ulimini, ufizini, kaakaani, kooni au kwenye zoloto, yaani palepale anapopitishia chakula, maneno na pumzi. Mwanzo wake aghalabu ni kidonda kidogo kisichouma, ambacho mwenyewe hukidhania kuwa ni jino bovu au mwiba wa samaki uliomkwaruza, akasukutua kwa maji ya chumvi, akangoja. Miezi ikipita, kidonda kikawa donda, donda likatoka damu kwa kuguswa na tonge la bukari tu, na shingoni pakaota kivimbe kigumu kisichosogea kwa kidole, ndipo jamaa humpeleka Hospitali ya Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, ilhali maradhi yamekwisha kujijengea makao na kujitengenezea njia.

Damu hiyo inayotoka kwa kuguswa tu ndiyo mada ya uchambuzi huu. Haitoki kwa kuwa mgonjwa ana damu nyingi, bali kwa kuwa uvimbe wa saratani hujifumia mishipa yake wenyewe, mipya, myembamba, isiyokamilika, na bila ya mishipa hiyo hauwezi kukua ukapita unene wa milimita 2 hivi. Wataalamu wamelijua jambo hili kwa zaidi ya miaka 50, na tangu walipolijua wamejiuliza swali moja: je, tukiikata mishipa hiyo, uvimbe hautakufa kwa njaa? Swali ni zuri, na kwa saratani za viungo vingine limepata jibu la kuridhisha kwa kiasi. Lakini kwa saratani ya kichwa na shingo, rai yangu, baada ya kuupima ushahidi wa pande zote, ni kwamba swali hilo liliulizwa kinyume, na kwamba kwa watu wa Katanga hasa, kuligeuza ni jambo lenye thamani ya fedha na ya maisha.

Tuanze na asili yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, tabibu mpasuaji kijana wa Marekani aitwaye Judah Folkman, aliyekuwa akitumikia jeshi la majini huko Bethesda, pamoja na mwenzake Frederick Becker, walichukua tezi za dundumio za wanyama, zile tezi za shingoni, wakazihifadhi hai ndani ya chupa kwa kuzipitishia maji maalumu badala ya damu, kisha wakazipandikiza chembe za saratani. Chembe ziliota, zikafika milimita 1 au 2, zikasimama hapo. Lakini zilipohamishiwa ndani ya mwili wa mnyama mzima, zikajipatia mishipa na kukua bila ya simile. Mwaka 1971 Folkman alitangaza katika jarida la tiba la New England nadharia yake kwamba uvimbe hutoa kitu kinachoyaita matawi ya mishipa ya damu yaje kuulisha, na kwamba atakayekizuia kitu hicho atauzuia uvimbe. Wengi walimdharau kwa miaka mingi. Mwaka 1983 Donald Senger na Harold Dvorak wakapata huko Boston protini inayoifanya mishipa ivuje, na mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake wa California wakapata protini inayoifanya mishipa iote. Kumbe ilikuwa protini moja yenye kazi mbili, na ndiyo tutakayoiita hapa kichocheo cha mishipa.

Nusu ya pili ya elimu hii nayo ilitoka kwenye tezi za kichwani. Stanley Cohen wa Nashville alikamua maji ya tezi za mate za panya, akawadunga panya wachanga, akaona kwamba macho yao yalifumbuka na meno yao yakaota kabla ya siku zake. Kilichofanya hivyo, alichokieleza mwaka 1962, kilikuwa kichocheo cha kukuza ngozi na utando wa juu wa mwili, na mwaka 1986 kilimpatia Tuzo ya Nobeli pamoja na Rita Levi-Montalcini. Basi tezi ya shingo ilitufundisha jinsi uvimbe unavyoomba damu, na tezi ya mate ikatufundisha jinsi utando wa ngozi unavyoamrishwa kukua. Na saratani nyingi za kinywa na koo huanzia katika utando huohuo.

Kila chembe ya utando wa kinywa ina vipokezi juu ya ganda lake, mithili ya masikio, vinavyosubiri amri ya kichocheo cha ngozi. Katika saratani ya kichwa na shingo vipokezi hivyo huzidi kupita kiasi kwa zaidi ya wagonjwa wanane katika kila kumi, na chembe zenyewe hutoa vichocheo vya jamaa hiyo zikajisemesha na kujiitikia bila ya kungoja amri ya mwili. Moshi wa tumbako, na pombe kali kama lutuku inayopikwa majumbani mwetu, ndivyo vinavyouharibu utando huo zaidi kuliko kitu kingine chochote, na vikikutana kwa mtu mmoja hatari yake hupita jumla ya hatari mbili. Kwa hesabu za mwaka 2018, ulimwenguni kote watu kiasi cha 890,000 hupatwa na saratani za sehemu hizi kila mwaka, na 450,000 hufa.

Sasa, chembe zikizidi na kusongamana, zile zilizo mbali na mshipa kwa zaidi ya sehemu ya saba au ya sita ya milimita huanza kukosa hewa ya oksijeni. Hapo ndipo hutokea jambo ambalo Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2019 kwa kulifafanua. Ndani ya chembe kuna protini ambayo, maadamu oksijeni ipo, huharibiwa mara tu inapotengenezwa; oksijeni ikipungua, protini hiyo husalimika, ikaingia katika kiini cha chembe na kuamrisha vichocheo vya mishipa vitolewe. Mtu aliyejenga nyumba kwenye kiwanja kipya kisichofikiwa na maji, akachimba usiku mfereji hadi kwenye bomba la jirani na kuunganisha mpira wake mwenyewe, hafanyi kazi nadhifu: maunganisho huvuja, maji hayatoki kwa nguvu, na majirani wote hupungukiwa; ndivyo ilivyo mishipa ya uvimbe: imepinda, ina matundu, damu ndani yake huenda ikarudi, na sehemu za katikati ya uvimbe hubaki na kiu ingawa mishipa imejaa tele. Nawasihi wasomaji waikumbuke hali hii ya kiu katikati ya wingi, maana mwishowe ndiyo inayoamua hoja.

Na hapa Mkatanga anayeisoma habari hii lazima asite kidogo. Uharibifu wa ile protini hufanywa na vimeng'enya vinavyohitaji madini ya chuma ili vifanye kazi. Ukivipa kobalti, kobalti huchukua nafasi ya chuma, vimeng'enya vikalala, na chembe ikadanganyika kwamba haina hewa ijapokuwa hewa imejaa. Ndiyo sababu katika maabara za dunia nzima mtafiti anayetaka kuiona chembe ikitenda kana kwamba inakosa pumzi huitilia chumvi ya kobalti, na chembe hutoa kichocheo cha mishipa pasipo kuchelewa. Zamani matabibu waliwapa wagonjwa wenye upungufu wa damu kobalti ili wazalishe damu, wakaiacha kwa madhara yake. Madini hayo ndiyo riziki ya jimbo letu, na kiasi cha sehemu saba katika kila kumi za kobalti ya ulimwengu hutoka Kongo. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wenzao, walitangaza kwamba mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga una kobalti nyingi mno, na mwaka 2018 wakaeleza habari za mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, na watoto wa hapo wakawa na kobalti nyingi zaidi mkojoni na alama za kuharibika kwa asili ya urithi ndani ya chembe zao.

Je, vumbi letu linaleta saratani ya koo kwa njia hii? Insafu inatutaka tusiruke kutoka kwenye kibakuli cha maabara hadi kwenye koo la mtu, kwa sababu kobalti inayotiwa kibakulini ni nyingi mno kuliko ile iliyomo katika damu ya mwanadamu, na hakuna aliyelithibitisha jambo hilo. Lililo bayana ni kwamba shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon limeiweka kobalti yenyewe na chumvi zake zinazoyeyuka katika daraja la vitu vinavyoelekea kuleta saratani kwa binadamu. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kuchukua hadhari na vumbi, walakini si sababu ya kumwambia mvuta sigara kwamba kosa ni la mgodi.

Kabla ya kuingia katika tiba, yafaa tuitaje saratani moja ambayo kwayo Kongo na nchi jirani zina elimu ya karibu kuliko Ulaya, nayo ni saratani ya Kaposi. Moritz Kaposi aliieleza huko Vienna mwaka 1872 akiwaona wazee wenye mabaka ya zambarau miguuni. Kwao ilikuwa nadra, lakini matabibu wa Kongo ya Wabelgiji na wa Uganda waliikuta mara nyingi, kiasi kwamba mwaka 1961 wataalamu wa mataifa mbalimbali walikutana Kampala kwa ajili yake tu. Huwapata watu miguuni, na katika zama hizi za ukimwi huwapata pia kinywani, hasa kwenye kaakaa, ambapo hutokea baka jekundu au la zambarau ambalo mwenyewe huenda asilihisi mpaka lianze kutoka damu. Tafauti yake na saratani nyingine za kinywa ni kubwa: hizi nyingine huita mishipa ije, ilhali Kaposi ni mishipa yenyewe iliyoasi, chembe za ukuta wa mshipa zilizogeuka kuwa uvimbe. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore waligundua virusi vinavyoisababisha, na miaka michache baadaye ikadhihirika kwamba virusi hivyo vimebeba katika asili yao kipokezi cha kuigiza, kisichohitaji amri ya mtu, kinachoamrisha daima kichocheo cha mishipa kitolewe.

Kwa hiyo, kama kuna mahali ambapo dawa ya kukata mishipa ingepaswa kufanya maajabu, ni kwa Kaposi. Nako imefanya kazi ya wastani. Dawa ya bevacizumab, inayokinasa kichocheo cha mishipa, ilipojaribiwa kwa wagonjwa 17 nchini Marekani, chini ya theluthi yao ndio walioitikia. Mnamo 2005 matabibu wa Italia walieleza habari za wagonjwa 15 waliopandikizwa figo, ambao mabaka yao yalitoweka walipobadilishiwa dawa ya kutuliza kinga na kupewa sirolimus, dawa ambayo pamoja na mengine hupunguza kichocheo hicho. Lakini kwa wagonjwa wa Afrika wenye ukimwi na Kaposi iliyoenea, jaribio lililofanywa Kenya, Uganda, Malawi na nchi nyingine, likatangazwa mwaka 2020, lilionyesha kwamba kinachowafaa zaidi ni dawa za ukimwi pamoja na paclitaxel, dawa ya zamani ya kemikali inayojulikana katika hospitali za kanda yetu. Kwa maneno mengine, hata pale adui alipokuwa mshipa wenyewe, ushindi ulipatikana kwa kuirudisha kinga ya mwili na kuua chembe kwa dawa ya kawaida.

Turudi kwenye saratani za kawaida za kinywa na koo. Wa kwanza kushambuliwa alikuwa kipokezi cha kichocheo cha ngozi. Mwaka 2006 James Bonner na wenzake walitangaza jaribio la wagonjwa 424: waliopewa mionzi peke yake, nusu yao waliishi kupita miezi 29.3, na waliopewa mionzi pamoja na cetuximab, dawa inayokifunika kipokezi hicho, nusu yao walipita miezi 49. Furaha ilikuwa kubwa. Swali lililobaki ni kama dawa hiyo ya bei kali ingeishinda cisplatin, dawa ya kemikali ya bei nafuu inayotiwa pamoja na mionzi tangu zamani. Na majaribio mawili makubwa, moja la Marekani na moja la Ulaya, yaliyofanywa kwa wagonjwa ambao saratani yao ya koo ililetwa na virusi vya papiloma, yalijibu kwamba haiishindi, bali hushindwa nayo. Maskini aliyekuwa akitamani dawa ya tajiri hakupoteza kitu.

Wa pili alikuwa kichocheo cha mishipa chenyewe. Ushahidi wa kumshuku ulikuwepo: mwaka 2005 Panayiotis Kyzas na wenzake walikusanya tafiti 12 zenye wagonjwa 1,002 wa saratani ya kichwa na shingo, wakakuta kwamba wale ambao uvimbe wao una kichocheo hicho kwa wingi walikuwa na hatari ya kufa ndani ya miaka miwili inayokaribia kuwa maradufu ya wenzao. (Ni haki kuongeza kwamba Kyzas na John Ioannidis, mmoja wa wenzake hao, walionya mwaka huohuo kwamba tafiti za aina hii huchapishwa zikipata matokeo na kufichwa zisipopata.) Lakini bevacizumab ilipoongezwa kwenye dawa za kemikali kwa wagonjwa 403 ambao saratani yao ilikuwa imerudi au imesambaa, umri wa kati ulitoka miezi 11.0 ukafika 12.6 tu, tafauti ambayo kwa hesabu haikuthibitika, na kutoka damu kwa hatari kukaongezeka. Shingo si tumbo. Hapa uvimbe hulala juu ya mishipa mikuu inayopeleka damu kichwani, na dawa inayoulegeza ukuta wa mishipa midogo huweza kuufungulia mlango mshipa mkubwa.

Basi kwa nini nadharia nzuri namna hii ilitoa matunda machache? Sababu moja ni kwamba kichocheo kimoja kikizibwa, vingine hushika nafasi yake, maana uvimbe hauna mjumbe mmoja. Nyingine ni kwamba saratani hizi husafiri kwanza kwa njia ya limfu hadi kwenye tezi za shingo, na njia hizo zina vichocheo vyake ambavyo bevacizumab haivigusi. Lakini sababu iliyo nzito kuliko zote, na ambayo Rakesh Jain wa Boston aliieleza tangu mwaka 2001, ni ile kiu katikati ya wingi: mishipa ya uvimbe ni mibovu tangu awali, na ukiikata yote huiui saratani, unaifanya ikose hewa zaidi, na chembe iliyokosa hewa huwa sugu, huwa kali, na humkwepa tabibu. Jain alisema heri kuinyosha mishipa hiyo kwa muda kuliko kuikata, ili dawa na oksijeni vifike.

Oksijeni ndiyo kiini cha jambo. Tangu mwaka 1953 kundi la L. H. Gray huko London lilionyesha kwamba chembe isiyo na oksijeni huhitaji mionzi karibu mara tatu ili ife. Na tiba kuu ya saratani za kichwa na shingo, ukiacha kisu, ni mionzi. Kwa hiyo mshipa wa damu, ambao Folkman aliuona kuwa msaidizi wa adui, kwa tabibu wa mionzi ni mshirika. Anayetaka kuponya koo kwa mionzi hutaka damu nyekundu iufikie uvimbe siku ile mionzi inapopigwa. Hilo ndilo ninaloliita swali lililogeuzwa, na limekwisha kujaribiwa kwa njia nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Njia ya kwanza iliyodhaniwa kuwa rahisi ilikuwa kuongeza damu kwa kichocheo cha damu, erithropoyetini, na ikaleta fadhaa. Mwaka 2003 Michael Henke wa Ujerumani na wenzake walitangaza habari za wagonjwa 351 wa saratani ya kichwa na shingo wenye upungufu wa damu waliokuwa wakipigwa mionzi: waliopewa kichocheo hicho damu yao iliongezeka kama ilivyotarajiwa, na saratani yao ikadhibitiwa vibaya zaidi kuliko ya wale waliopewa maji matupu. Wadani nao wakasimamisha jaribio lao la namna hiyo kwa matokeo yanayofanana, na walipojaribu kuwatia wagonjwa damu ya kuchangiwa kabla ya mionzi, faida haikuonekana. Funzo ni kwamba kichocheo cha kukuza si chakula. Humkuza anayekisikia, na huenda anayekisikia ni adui. Hapa kwetu, ambako malaria na selimundu huwapunguzia watu damu tangu utotoni, funzo hilo lina uzito wa pekee: upungufu wa damu wa mgonjwa utibiwe chanzo chake, malaria itolewe, minyoo itolewe, lishe irudi, wala asikimbiliwe kwa sindano ya kichocheo.

Njia ya pili, ya Wadani hao hao, ilifaulu, na ni rahisi kiasi cha kushangaza. Walitumia nimorazole, dawa ya kumeza ya ukoo mmoja na metronidazole inayouzwa katika kila duka la dawa la Lubumbashi, ambayo huiga kazi ya oksijeni ndani ya chembe inayokosa hewa. Na mwaka 1998 walitangaza kwamba wagonjwa walioimeza pamoja na mionzi, asilimia 49 uvimbe wao ulidhibitiwa miaka mitano, dhidi ya asilimia 33 ya wasioimeza. Njia ya tatu haihitaji hata senti. Mwaka 1993 watafiti wa Kanada waliwafuata wagonjwa 115 waliopigwa mionzi ya kichwa na shingo, wakaona kwamba walioendelea kuvuta sigara uvimbe ulitoweka kwa asilimia 45 tu, na walioacha kwa asilimia 74; maana moshi huleta hewa ya kaboni monoksidi inayokalia nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Sijui dawa yoyote ya kisasa inayoweza kujivunia tafauti kubwa namna hiyo kwa gharama ya kuzima kijinga.

Ni vigumu kuzungumza habari za mionzi kutoka Katanga bila ya uchungu kidogo. Mwaka 1915 Robert Sharp aligundua madini ya urani ya Shinkolobwe, si mbali na Likasi. Tangu mwaka 1922 madini hayo yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, ambako kampuni ya Union Minière ilitoa ndani yake radi (radium), metali yenye mionzi, na radi ya Katanga ikawa nyingi na rahisi hata migodi ya Marekani ikafungwa kwa kushindwa bei. Katika zama zilezile, sindano za radi zilizochomekwa ulimini ndizo zilizokuwa tiba ya saratani ya ulimi katika hospitali kubwa za Ulaya. Baadaye radi ikaachia nafasi kwa kobalti iliyogeuzwa ndani ya tanuri za nguvu za atomiki, ikatumika kwa wagonjwa nchini Kanada tangu mwaka 1951, na mashine hizo za kobalti ndizo zilizohudumia Afrika Mashariki kwa miaka mingi, Ocean Road ya Dar es Salaam na Mulago ya Kampala, ambapo mashine ya pekee ya Uganda ilipoharibika mwaka 2016 nchi nzima ilibaki bila ya mionzi. Ng'ambo ya mpaka wetu wa Kasumbalesa, Zambia ilifungua mwaka 2007 huko Lusaka hospitali ya maradhi ya saratani yenye mionzi. Jimbo lililoipa dunia madini ya kutibia koo lina haki ya kudai kwamba koo za watu wake zitibiwe.

Lakini wako wagonjwa ambao wamekwisha kuchelewa, ambao saratani imerudi au imesambaa, na hao katika Kongo si wachache. Kwao habari njema zimetoka Mumbai, mji unaougua saratani za kinywa kwa sababu ya tambuu na tumbako. Katika Hospitali ya Tata Memorial, Vijay Patil na wenzake waliwapa wagonjwa 422 ama cisplatin kwa mshipa kila wiki tatu, ama vidonge viwili vya kumeza nyumbani: methotrexate kidogo kila wiki na celecoxib kila siku. Kipimo kidogo cha dawa ya kemikali, kikitolewa bila ya kukatiza, huzigusa chembe za ukuta wa mishipa zaidi ya chembe za saratani, na celecoxib nayo hupunguza vichocheo. Ni ile nadharia ya Folkman iliyoshuka kutoka maabara ghali hadi kwenye kikopo cha vidonge. Mwaka 2020 walitangaza kwamba nusu ya waliomeza vidonge waliishi kupita miezi 7.5, na nusu ya waliochomwa cisplatin miezi 6.1, na madhara yalipungua. Mwaka 2023 wakaongeza: vidonge hivyo pamoja na erlotinib, kidonge kinachokizuia kipokezi cha kichocheo cha ngozi, na juu yake kiasi kidogo mno cha nivolumab, dawa ya kuamsha kinga, viliwafikisha wagonjwa 43 katika kila 100 mwisho wa mwaka wa kwanza, dhidi ya 16 wa vidonge hivyo vitatu bila ya nivolumab. Miezi hiyo si mingi, wala sitaki kumhadaa mtu kuwa ni uponyaji. Lakini ni miezi ya kula nyumbani bila ya kulazwa, na methotrexate na erlotinib zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: wazo la kuikata mishipa ya saratani ya kichwa na shingo kwa dawa moja ya bei kubwa limekwisha kupimwa na kuonekana pungufu, wala hakuna sababu ya fedha za wagonjwa wetu kuliendea. Zinakostahili kwenda ni kwenye mionzi, kwenye damu safi isiyo na moshi wakati wa mionzi, na kwenye vidonge vya Mumbai kwa waliochelewa. Walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi waliopima kobalti katika mkojo wa watu wa Katanga na kuiambia dunia nzima wana uwezo wa kuvipima vidonge hivyo kwa wagonjwa wa hapa na kuandika matokeo yake. Ninawaomba waianze kazi hiyo. Na wewe uliyesoma hadi hapa, ukiwa na kidonda cha kinywa, au baka kwenye kaakaa, au sauti ya kukwaruza iliyopita wiki tatu, usingoje damu itoke: nenda ukaonyeshe.